Nyumba Ambayo Haikuwa Kwenye Orodha

Karatasi za Mheshimiwa zilifika kwetu hifadhini Jumatatu asubuhi, zimepakiwa kwenye makatoni kumi na moja ya sabuni. Mtu aliyeongoza jimbo zima kwa miaka tisa, ambaye akipita barabarani hata mbwa walikuwa wanapisha, leo ananukia sabuni ya kufulia. Nilicheka peke yangu, kisha nikajikemea. Sikuwa nimezisubiri karatasi hizo kwa miaka kumi na tisa ili nizicheke.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda napangusa vumbi. Vumbi napangusa, sikatai, lakini pia natoa pini zilizoshika kutu, nanyoosha karatasi zilizokunjamana, nazipa namba kwa penseli, halafu naziingiza kwenye orodha yenye safu nne: namba, tarehe, mwandishi, yaliyomo. Orodha ikishasainiwa, karatasi iliyomo haitoki tena, hata mwenyewe aje kulia machozi ya damu. Kabla ya kusaini, familia ina haki ya kukaa na mimi, kupitia kila kitu na kuondoa mambo yao ya ndani. Safari hii kusaini kulipangwa Alhamisi saa tisa alasiri, na aliyekuja kukaa na mimi alikuwa binti wa Mheshimiwa, mwanamke wa rika langu, daktari wa meno. Kila nilipofungua mdomo aliniangalia meno kwanza, ndipo akasikiliza.

Sasa nieleze kwa nini nilizisubiri.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili walipobomoa mtaa wetu wa nyuma ya reli. Walikuja watu wa ofisi ya jimbo na kopo la rangi nyekundu, mmoja ameshika karatasi, mwingine brashi. Anasoma huyu, anapaka yule. Nyumba arobaini na moja zikapata alama ukutani, na siku ya tatu yakaja matingatinga. Jioni ilipofika, nyumba moja tu ilikuwa imesimama katikati ya kifusi, nguo zetu zikiwa bado kwenye kamba. Ilikuwa nyumba yetu.

Hapo hakuhitajika mpelelezi. Baba yangu alikuwa karani wa shule, na jioni aliweka meza kibarazani akiwajazia majirani fomu na kuwaandikia barua. Nani mwingine alijua kila nyumba ina nani na watoto wangapi? Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumsalimia.

Wa kwanza kuacha alikuwa Kobe, fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na mwenzake baba katika drafti. Walimwita Kobe kwa sababu ukimwuliza jambo leo, anakujibu kesho. Mama yetu Kobe aliendelea kumsalimia vizuri, tena akimwita shemeji bila kujiuliza ushemeji huo unatoka kwa nani. Sisi watoto alitupa hata vipande vya ngozi tuchezee. Akifika kwa baba, anapita tu, macho mbele. Tulihama ile nyumba baada ya miezi mitatu, lakini mji ni huu huu. Kibanda cha Kobe kilikuwa kwenye njia ya baba ya kwenda kazini, na kila asubuhi baba alisema, "Habari za asubuhi, jirani," na kila asubuhi hakujibiwa. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia apite njia nyingine. Akasema njia ni ile. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na mitano, mpaka alipofariki, sasa ni mwaka wa sita. Mazikoni tulikuwa watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wachimba kaburi. Siku ile nilipata hasira ambayo haijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini wenzangu walikimbilia benki na mimi nikakimbilia makabati, jibu ni hilo. Niliamini kuna karatasi mahali fulani yenye jina la msaliti wa kweli. Ningeitoa, ningeiweka mezani mbele ya Kobe, na ningemwambia soma, mzee, soma kwa sauti. Kobe mwenyewe sasa ni mwenyekiti wa kamati ya waliobomolewa. Kila Alhamisi alasiri anapanda ngazi zetu polepole kuuliza kama karatasi za Mheshimiwa zimefunguliwa. Namwamkia, namvutia kiti, namletea maji ya kunywa, na moyoni namsubiri.

Jumanne ilikuwa ya kucheka. Kwenye katoni la pili tulikuta barua ambazo Daktari na ndugu zake walimwandikia baba yao kutoka shule ya bweni. Mheshimiwa alikuwa amezisahihisha zote kwa wino mwekundu na kuzipa alama.

"Hii nilimwandikia kwamba naumwa," Daktari akasema. "Ona, kanipa kumi na moja kwa ishirini."

"Alikuja kukuona?"

"Alimtuma dereva. Na kamusi."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, na sikuweza kujua yale machozi yalikuwa ya upande gani. Nikaanza kumpenda, jambo ambalo liliniudhi. Mtoto wa mtu yule nilikuwa nimejipanga kumchukia bila kukutana naye.

Jumatano, katoni la saba, likatoka jalada jembamba lililoandikwa "Eneo la nyuma ya reli". Nilijifanya nalikagua kama jalada lolote, lakini pini ya kwanza ikanichoma. Juu kulikuwa na amri ya kubomoa, imepigwa chapa: nyumba arobaini na moja, kama zilivyo kwenye orodha iliyoambatishwa. Chini yake zilibanwa kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari la hesabu, zimeandikwa kwa mkono, wino wa bluu. Kwenye kona ya ukurasa wa kwanza Mheshimiwa alikuwa ameandika kwa kalamu yake ya kijani: "Imetoka kwa fundi wa mke wangu. Itumike hii hii, hatuna nyingine."

Nikasoma mstari wa kwanza. "Nyumba ya fundi viatu. Wavulana wawili, kifua 26 na 28. Msichana mmoja, kiuno 22, urefu wa sketi 20." Mwishoni mwa mstari kulikuwa na mkasi mdogo uliochorwa kwa kalamu, msalaba wenye vijiduara viwili. Mstari wa pili, nyumba ya muuza mkaa, watoto wanne, mkasi. Mstari wa tatu, mkasi.

Mama yangu ni fundi cherehani. Tangu nilipopata akili namwona akichora mkasi huo kwenye daftari lake kila anapomaliza kumpima mtu, asije akampima mara mbili. Sikuhitaji kulinganisha mwandiko.

Nilihesabu nyumba mara mbili na zote mbili nikapata arobaini na moja. Yetu haikuwemo, na kwa nini iwemo? Fundi gani anazunguka na daftari kuwapima wanawe mwenyewe? Nguo zetu alizikata kwa macho tu.

Nilipaswa kufurahi. Baba yangu alikuwa safi kama nilivyosema maisha yangu yote, na ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, una hata namba ya katoni. Nilichotaka ni kuutafuna na kuumeza pale pale.

"Kuna nini?" Daktari akauliza. Akazivuta zile kurasa, akasoma maneno ya kijani, akayarudia kwa kidole. Mwandiko wa bluu hakuujua, wala mimi sikumwambia.

"Dada," akasema hatimaye, "hizi ni karatasi za mama. Alitaka kuwashonea sare watoto wa mtaa ule. Nakumbuka alivyokuwa akilizungumzia. Sasa ona baba alivyozitumia."

"Naona."

"Mama hakujua. Amekufa hajui. Watu wakilisoma hili watamfanya yeye ndiye mchawi." Akaziweka kwenye rundo la vitu vya kurudi nyumbani, juu ya picha za harusi. "Ni za nyumbani, si ndiyo? Nina haki ya kuziondoa?"

Haki alikuwa nayo. Ningesema ndiyo, ingekuwa imekwisha, mama yangu angelala salama na mama yake vilevile. Baba yangu tu ndiye angebaki alipo, na lawama zake. Nikamwambia aache zikae mezani mpaka kesho, orodha ya rasimu bado inazihitaji. Kisha nikachukua penseli, na kwenye safu ya mwandishi nikaandika: hajulikani. Miaka kumi na tisa nimewafokea watu wa humu ndani kwa uvivu wa kuandika hajulikani, na leo niliandika mimi, macho makavu kabisa.

Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa mama. Jua lilikuwa bado halijazama, na yeye alikuwa dirishani anapinda suruali ya mtu. Miaka sabini na mbili, bado anaingiza uzi kwenye sindano bila miwani, kisha anavaa miwani ili aniangalie vizuri.

"Mbona umekuja na uso huo? Kaa, kuna chai."

"Nimeuona mkasi wako leo, mama. Kwenye karatasi za Mheshimiwa."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Hakuuliza mkasi gani.

"Zilikuwa kurasa nne," akasema.

"Nne."

"Alikuja mke wake mwenyewe kwenye nyumba ile, akakaa mbele yangu kama ulivyokaa wewe. Anasema fundi, nataka watoto wote wa mtaa wenu wavae sare, nipe nyumba kwa nyumba na vipimo. Nilifurahi, mwanangu. Nilijua nimepata kazi ya mwaka mzima. Nilizunguka siku mbili na futi shingoni, watoto wananifuata kama harusi." Akakata uzi kwa meno. "Siku ya rangi nilisimama mlangoni nikasikia yule bwana anavyosoma. Alianza na fundi viatu, akaja muuza mkaa, akaja yule mama wa mapacha. Alikuwa anasoma kwa mpangilio wa miguu yangu."

"Na baba?"

"Nilimwambia saa ile ile. Nikasema natoka niwaambie. Akanishika mkono. Akasema ukitoka leo watakurarua, na kesho hakuna atakayeleta kitambaa, na watoto hawa watakula nini? Mimi nina mshahara. Waache wadhani ni mimi, hasira zao zitapoa, ndipo utawaambia."

"Hazikupoa."

"Hazikupoa."

"Na hukuwaambia!" Nilisimama, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko chumba. "Kila asubuhi anapita pale anasalimia ukuta, wewe unajua! Tumemzika kama mwizi, mama, watu tisa, wewe unajua!"

"Nilikuwa nasema nitawaambia wiki ijayo," mama akasema. "Kila wiki nilisema hivyo. Alipokufa nikasema, sasa imechelewa, nitamwambia nani."

Hakulia, na hilo lilinikera zaidi. Nilimweleza kwa ukali kwamba asiwe na wasiwasi, binti wa Mheshimiwa anazichukua zile karatasi kesho saa tisa, zitaishia jikoni kwake au jalalani, na mimi mwenyewe nimeshaandika hajulikani. Chai yake sikuinywa. Nilipofika mlangoni aliniuliza hiyo ofisi yetu ni ghorofa ya ngapi.

Alhamisi saa nane na nusu alikuwa amesimama mbele ya meza ya mapokezi, amevaa gauni lake la kutokea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa kuisahau. Aliandika jina lake kwenye kitabu cha wageni kwa utulivu, herufi kwa herufi, akaacha mkoba wake nje kama sheria inavyotaka. Daktari alikuwa ameshafika, amevaa kwa ajili ya kusaini. Nilitamani sakafu inimeze.

"Hujambo, mwanangu," mama akamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mama yako."

Daktari akamwangalia, si meno safari hii. "Shikamoo, mama. Ulinishonea gauni la kijani."

"Marahaba. Ulitaka mifuko minne. Nikakwambia mtoto hana vitu vya kujaza mifuko minne, ukalia."

"Ukaniwekea mitano," Daktari akasema. Kisha akaigeukia meza, zile kurasa za bluu, na nikaona anavyoelewa. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akavuta kiti akakaa.

Mama akaomba orodha. Nilimpa. Alipitisha kidole mpaka kwenye katoni la saba, akasoma polepole. Baba ndiye aliyemfundisha kusoma, wakiwa wamekwisha kuoana, na bado anasoma kama anayemsomea mtu pembeni.

"Hajulikani," akasema. "Hajulikani na nani?"

Nilirudisha macho kwenye penseli.

"Futa, mwanangu. Nakutajia."

"Mama, huwezi. Bado ni mali ya Daktari, anaziondoa."

Hapo mama akamgeukia Daktari. "Ni haki yako, sikukatazi. Lakini nikwambie nilichokiona. Mama yako alishanunua kitambaa. Marobota matatu, bluu, yalikuwa sebuleni kwenu nyuma ya kochi, na baada ya bomoabomoa nilimkuta ameyakalia analia. Aliniuliza, fundi, tumefanya nini? Hilo hakuna aliyeliandika popote. Nikiwa na hizi kurasa, nitalisema mbele ya watu na nitaaminiwa. Ukizichoma, mama yako atatetewa na nani? Mimi nina miaka sabini na mbili."

Daktari alichezea kofia ya kalamu yake. Nilimwona akizitazama zile barua zake zenye wino mwekundu, kumi na moja kwa ishirini. Kisha akazichukua kurasa za bluu kutoka juu ya picha za harusi, akazirudisha ndani ya jalada kwa mikono miwili.

"Andika jina, dada," akaniambia.

Nilifuta. Mama akataja majina yake matatu, la kwake, la baba yake na la mumewe, na mimi nikayaandika yote, ingawa safu ni nyembamba na la mwisho lilibidi nilibane. Saa tisa kamili Daktari akasaini, nikasaini mimi, na karatasi hazikuwa tena za mtu wa kuziondoa.

"Twende, mama," nikasema. Roho ilikuwa mkononi, maana niliijua siku na niliijua saa.

"Tunakwenda wapi? Si huwa unaniambia Alhamisi ndiyo siku ya shemeji kuja hapa?"

Tukazisikia hatua zake kwenye ngazi. Kobe aliingia na kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Shemeji! Habari za siku nyingi? Leo umekuja kumtembelea mtoto kazini?"

"Nzuri, shemeji. Kaa hapa. Zimefunguliwa. Hii soma wewe mwenyewe, ni mwandiko wangu."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeisubiri saa hii, na sasa nilikuwa nimesimama ukutani nikimwomba Mungu Kobe asome vibaya. Kobe alisoma amri, akasoma maneno ya kijani, akafika kwenye mstari wa kwanza. Aliweka kidole kwenye vipimo vya wanawe.

"Ishirini na nane," akasema. "Huyu sasa ana kitambi."

Mama akamweleza yote: sare, marobota ya kitambaa, mlango aliosimama siku ya rangi. Hakujitetea hata kidogo, ila alimtetea yule mama mwingine kama alivyoahidi, na Daktari akajifuta pua.

"Na yeye?" Kobe akauliza. "Alijua?"

"Nilimwambia siku ile ile. Akasema waache wadhani ni yeye."

Tulijua Kobe hujibu kesho, tukasubiri. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. "Alikuwa ananisalimia kila asubuhi," akasema mwishowe. "Nikawa najiambia, huyu mtu hana haya." Akainuka, akashika ukingo wa meza. "Binti, baba yako mlimzika wapi? Sikuja, kwa hiyo sipajui."

Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa penseli: makaburi ya upande wa bonde, safu ya sita, la nne kutoka ukutani. Alikikunja mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati. Akaniaga mimi kwa kunishika mkono. Akamwinamia kichwa Daktari, mtoto wa mtu aliyembomolea nyumba, akamwambia asante kwa kuzileta.

"Kwaheri, shemeji," mama akasema.

Kobe akampita, macho mbele, akavaa kofia yake mlangoni. Tukazisikia hatua zake zikishuka, moja moja, mpaka chini.

Mama alibaki ameuelekea mlango, mkono umeshika ile futi shingoni.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," akasema. "Na baba yako alikipokea kimya hiki kila asubuhi, miaka ishirini na mitano."